Nani Afunge Mlango?

Mimi ni mzaliwa wa Koboko na sijawahi kupanda treni. Reli ya Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964 ikaishia hapo. Haikuendelea Nebbi, haikufika Arua, na sisi wa Koboko tuliisikia redioni tu. Leo hata huko Pakwach treni ya abiria haifiki. Watu wa West Nile tunasafiri kwa basi, teksi, gari ndogo na bodaboda. Kwa hiyo mada ya mgomo wa gadi wa treni ilipoletwa darasani, wengi tulicheka. Tulisema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Mimi pia nilicheka. Kisha nikarudi nyumbani, nikakuta swali lile lile limekaa kibarazani pamoja na nyanya yangu.

Nianze na mgomo wenyewe. Gadi ni mfanyakazi wa treni anayekaa nyuma au katikati ya mabehewa. Dereva hutazama mbele. Gadi hutazama watu. Katika reli za zamani, za kwetu Afrika Mashariki zikiwamo, gadi ndiye aliyekuwa na bendera, kipenga na taa ya usiku, na treni haikuondoka stesheni kabla hajatoa ishara. Aprili 2016, kusini mwa Uingereza, gadi wa kampuni ya Southern waligoma chini ya chama chao cha RMT. Kampuni ilitaka dereva ndiye afunge milango akitumia kamera na skrini zilizo mbele yake. Gadi angepewa cheo kipya cha kuhudumia abiria, lakini treni ingeweza, katika hali fulani, kuondoka bila yeye. Mgomo ule ulisimama na kuanza tena mara nyingi. Desemba 2016 madereva wa chama cha ASLEF nao waligoma, na watu wengi wakakosa njia ya kwenda kazini.

Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Kampuni ilisema hakuna atakayefukuzwa wala kupunguziwa mshahara. Ilisema pia kwamba treni zinazoendeshwa na dereva peke yake zilikuwa zimetumika Uingereza tangu miaka ya 1980, na Januari 2017 mamlaka ya usimamizi wa reli ilieleza kwamba mfumo huo unaweza kuwa salama ikiwa vifaa na mafunzo vinafaa. Wafanyakazi walisema kamera haimwinui mtu aliyeanguka, na haimwekei daraja abiria wa kiti cha magurudumu ili aingie behewani. Walisema leo gadi anaambiwa si lazima awepo, na kesho ataambiwa si lazima aajiriwe.

Tukisikiliza kwa makini, tutaona kwamba hawakugombania kama gadi ni mtu mzuri au kama anasaidia. Hayo hata kampuni iliyakubali. Waligombania neno moja tu: lazima. Je, safari inaweza kuanza bila yeye? Hili ndilo swali la kifalsafa ambalo insha hii inajaribu kulijibu. Kuna mtu ambaye akiwepo ni vizuri, na kuna mtu ambaye asipokuwepo jambo haliendi. Wa kwanza hutupa hisani, wa pili hutupa haki. Hisani tunaishukuru ikija, lakini ikikosekana hatuna wa kumdai. Haki ikikosekana tunaweza kusimama na kusema, gari hili halijakamilika.

Sasa nirudi kibarazani kwa nyanya. Nyanya yangu ana tatizo la macho na kila baada ya muda fulani huenda Arua kutibiwa, safari ya kilomita zipatazo 55. Kwa miaka mingi alipanda teksi yenye kondakta. Kondakta humshika mkono, humweka kiti cha karibu na mlango, humwambia dereva, "Ngoja kidogo, mama anashuka," na humvusha barabara kabla ya kurudi mbio. Hakuna aliyemlipa kondakta kwa hayo. Nauli ilikuwa ni nauli tu.

Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba iwekwe lami, gari ndogo zisizo na kondakta zimekuwa nyingi. Dereva huendesha, hupokea pesa, hujibu simu na hutafuta abiria, yote peke yake. Siku moja nyanya alipanda gari la namna hiyo kurudi nyumbani. Alitaka kushuka kwenye njia ya kwetu, lakini hakuona pale alipofika, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwambia. Alipouliza, walikuwa wamepita mbali. Dereva alisimama, akamfungulia mlango kutoka pale pale alipokaa, akaondoka. Nyanya akabaki ng'ambo ya barabara asiyoijua, malori yakipita, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka sokoni alipomkuta na kumsindikiza.

Baadaye alikutana na dereva yule stendi, akamtambua kwa sauti. Akamwuliza, "Mwanangu, siku ile hukuniona?"

Dereva akajibu, "Mama, nilikuwa natazama barabara."

Nyanya husimulia maneno hayo bila hasira, na nimeyafikiria sana. Dereva yule hakusema uongo. Kazi yake ni kutazama barabara, na asingeitazama, pengine wote wangekufa. Kosa halikuwa katika moyo wake, bali katika mpangilio uliompa mtu mmoja kazi mbili zisizoweza kufanywa kwa wakati mmoja. Tumezoea kutafuta mtu mbaya kila jambo linapoharibika. Hapa hakuna mtu mbaya. Kuna kiti kitupu, na waswahili wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Asipokuwapo mwenye kazi ya kutazama watu, kutazama watu nako hakupo.

Hata hivyo, hoja yangu ina wapinzani, na haifai niwapite kimya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba namsifu kondakta kana kwamba ni malaika. Wasomaji wangu wanawajua makondakta. Wapo wanaojaza watu hadi mlango haufungi, wanaoficha chenji, wanaowatukana wazee na kuwasumbua wasichana wa shule. Nchini Kenya hali hii ilikuwa mbaya kiasi kwamba Februari 2004 waziri John Michuki alilazimisha madereva na makondakta wa matatu kuvaa sare na beji, pamoja na kuweka mikanda na vidhibiti mwendo katika magari. Nakubali haya yote. Lakini tuulize, kwa nini kondakta hujaza watu? Kwa sababu mara nyingi chakula chake cha jioni kinategemea idadi ya vichwa. Tumemwita mtunza abiria, kisha tukamlipa kama mwindaji wa abiria. Gadi wa treni mwenye mshahara wa mwezi hapati zaidi mlango ukifungwa mapema, wala hapungukiwi akimngoja mzee. Kwa hiyo pingamizi hili halithibitishi kwamba mtu wa pili hahitajiki. Linathibitisha kwamba anahitajika akiwa na masharti mazuri ya kazi, na hilo ndilo chama cha wafanyakazi huundwa kulitetea.

Pingamizi la pili ni la gharama, na lina uzito kwa maskini. Mtu wa pili analipwa na nani? Akiondolewa, nauli inaweza kushuka, na kwa mama muuza mihogo shilingi chache zinaweza kuwa na maana kuliko mkono wa kushikwa. Tena zipo huduma zilizoondoa kondakta na watu wengi wakafaidika. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza Mei 2016, na ndani yake hakuna konda wa kudai nauli, kwa kuwa tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu linanigusa moja kwa moja. Baada ya siku ile, nyumbani waliamua kwamba nyanya hasafiri tena peke yake. Mtu wa kumsindikiza ni mimi. Siku ya kliniki naondoka chuoni Arua siku moja kabla, nakwenda Koboko, nalala, namleta asubuhi, namngoja, namrudisha, kisha narudi. Nakosa vipindi vya siku mbili, na nauli zangu zinalipwa na familia. Sasa tufanye hesabu upya. Kazi ya kondakta haikufutwa. Imehamishwa kutoka kwa kijana aliyekuwa akilipwa, akahamishiwa mwanafunzi asiyelipwa na mwanamke wa sokoni asiyejulikana jina. Katika daftari la mwenye gari gharama imepungua. Katika maisha ya watu imeongezeka. Kila tunapoambiwa kwamba mfanyakazi fulani amekuwa wa ziada, swali la kwanza liwe: kazi yake imekwenda kwa nani? Ikiwa imekwenda kwa mashine na mashine inaifanya kweli, basi tushukuru. Kukata tiketi ni kazi ya namna hiyo, na mwendokasi umetuonyesha. Lakini ikiwa imekwenda kwa wanyonge, hapo hakuna uvumbuzi, ni mzigo uliobadilisha kichwa cha kuubeba.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linahusu mgomo wenyewe. Tuseme gadi wana haki. Je, wana haki ya kugoma? Anayeumia siku ya mgomo si mkurugenzi mwenye gari lake. Ni muuguzi anayechelewa zamu, mzee mwenye miadi ya daktari, na yule yule abiria wa kiti cha magurudumu ambaye mgomo unasema unamtetea. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asifanywe chombo tu cha kumfikisha mwingine kwenye lengo lake. Je, abiria hafanywi chombo anapozuiliwa stesheni ili kampuni isikie maumivu?

Historia yetu haituruhusu kujibu haraka kwamba mgomo ni dhambi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na reli wakiwamo, waliacha kazi kwa siku 12 wakidai mishahara ya kuwawezesha kuishi. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa siku 82. Bila shaka wapo waliokosa safari, na wapo waliokosa mizigo yao. Lakini ni nani leo angewaambia watu wale kwamba walipaswa kuomba kwa upole na kungoja? Mtu asiye na mali, asiye na kura wala gazeti, ana kitu kimoja tu ambacho mkubwa anakihitaji, nacho ni kazi yake. Ukimkataza kuizuia kazi hiyo, umemwacha bila neno.

Hapa kwetu tulikuwa na mfano wa karibu zaidi. Novemba 2017 madaktari wa Uganda waligoma, wakidai mishahara bora na pia dawa na vifaa katika hospitali za serikali. Walisema wanagoma kwa ajili ya wagonjwa, na wagonjwa ndio waliorudishwa mlangoni. Tunawezaje kujua kama anayegoma kwa jina la mwingine anasema kweli?

Napendekeza vipimo vitatu. Cha kwanza: je, wamezungumza kwanza, na wametoa notisi ya kutosha ili mnyonge ajipange? Cha pili: je, wanaogoma wanabeba sehemu ya maumivu wao wenyewe, au wamewatupia wengine yote? Cha tatu, nacho ndicho kikubwa: je, wangeendelea kudai jambo lile hata kama wao wangehakikishiwa mishahara yao? Anayenyamaza mara tu mfuko wake unapojaa alikuwa akijitetea mwenyewe. Si vibaya kujitetea, lakini asitumie jina la mgonjwa wala la abiria.

Tukiwapima gadi wa Southern kwa kipimo cha tatu, tunaona jambo la kufikirisha. Waliahidiwa kazi na mshahara, na bado waligoma, wakikatwa malipo ya kila siku ya mgomo. Mwenye kuwashuku atasema walikuwa wakilinda nguvu ya chama chao, na huenda kuna ukweli ndani yake. Binadamu hafanyi jambo kwa sababu moja tu. Lakini neno waliloling'ang'ania lilikuwa lile la lazima, na neno hilo linamlinda abiria vile vile linavyomlinda gadi. Maslahi mawili yakipita njia moja, hayafanyi njia hiyo kuwa ya uongo. Tena tuangalie Merseyside, katika eneo la jiji la Liverpool, ambako mgogoro wa aina hiyo hiyo ulifikia makubaliano Agosti 2018 kwamba treni mpya zitaendelea kuwa na gadi. Hii inaonyesha kwamba dai lao halikuwa jambo lisilowezekana. Lilikuwa uchaguzi, na uchaguzi una mwenye kuwajibika.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu Kant ni hili. Mgomo humtumia abiria kama chombo pale anaposahauliwa kabisa katika madai. Pale madai yanapomhusu, na akaelezwa mapema, mgomo unaweza kuwa mzigo anaobebeshwa kwa ajili ya haki yake pia. Bado ni mzigo. Anayegoma anadaiwa na abiria, na deni hilo hulipwa kwa kufanya kazi ile vizuri baada ya mgomo kwisha. Gadi aliyegoma mwezi mzima kwa ajili ya wazee, kisha akarudi na kuwapita wazee mlangoni akitazama simu, ameufanya mgomo wake kuwa wizi.

Lazima pia nikiri mpaka wa hoja yangu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Breki zikishindwa na mabehewa yakaanza kuteremka, wema wa mtu mmoja hautoshi kuyazuia. Nasema hivi ili nisidanganye kwamba mtu wa pili ni hirizi. Usalama unahitaji vyuma vizima, ukaguzi na fedha, na kampuni inayoweka gadi mwema juu ya breki mbovu imefanya maonyesho tu. Mtu hachukui nafasi ya mashine nzuri. Ninachopinga ni imani kwamba mashine nzuri huchukua nafasi ya kila alichofanya mtu.

Basi nimefikia wapi? Sisemi kila gari lenye viti vinne liwe na kondakta. Huo utakuwa mzaha. Nasema kwamba yeyote anayechukua pesa ya mtu asiyeweza kujitazama, awe kipofu, mgonjwa, mtoto au mgeni asiyejua njia, amepokea pamoja na ile pesa wajibu wa kumtazama. Wajibu huo lazima uwe na mwenyewe anayejulikana kabla ya gurudumu kuzunguka. Kwenye treni yenye mamia ya watu, mwenyewe hawezi kuwa yule anayetazama mbele. Kwenye gari ndogo anaweza kuwa dereva, lakini basi azime simu, ashuke, azunguke, afungue mlango kwa mkono wake, na abiria wengine tukubali kuchelewa kwa dakika hizo mbili. Tukikataa kuchelewa, sisi pia tumo miongoni mwa waliomwacha nyanya barabarani.

Wenzangu waliocheka darasani nawakumbusha jambo moja. Mpango wa reli ya kisasa ya Uganda una tawi la kaskazini, na katika ramani yake mna njia ya kutoka Gulu kupitia Pakwach hadi Vurra, hapa jirani na Arua. Novemba 2024 ujenzi ulizinduliwa upande wa mashariki, kati ya Kampala na Malaba. Sijui kama tutaiona reli hiyo huku kwetu tukiwa vijana au tukiwa wazee wenye macho yasiyoona vizuri. Lakini ikifika, kuna mtu ataketi ofisini na kuamua kama treni itaweza kuondoka bila gadi. Pengine mtu huyo atakuwa mmoja wetu tunaosoma pamoja leo. Namwomba, kabla hajatia sahihi, aulize kazi ile inakwenda kwa nani.

Wiki ijayo ni kliniki ya nyanya. Mwalimu wa kipindi cha Alhamisi anisamehe; sitakuwepo.